Kikaango cha Upande wa Nyama

Makubaliano yalikuwa haya: Mama apike latke, zile chapati za viazi vya kukuna, mwenyewe, kuanzia kumenya viazi mpaka kuepua, na Zelda asitie hata kidole. Anshel, ndugu yake Zelda, ndiye aliyeyatoa, tena kwa simu, kwa sauti yake ile ya dukani ya kumwambia mteja kwamba taa ikishatoka mlangoni hairudishwi. Alisema atakuja na mkewe Toybe usiku wa tano wa Hanuka, sikukuu yao Wayahudi ya kuwasha mishumaa, atakula, atatazama. Akiona Mama bado anajimudu jikoni, atafunga mdomo wake. Akiona hajimudu, sikukuu ikiisha Mama atahamia nyumba ya wazee kule New Jersey, ambako kuna chumba kinachotazama bustani na wenyewe hawawezi kukishikilia milele.

"Na Mama haambiwi?" Zelda aliuliza.

"Ukimwambia atajikaza. Nataka nimwone alivyo."

"Huo ni mtihani, Anshel. Mama yako si mtoto wa shule."

"Dada, juzi amekutwa ghorofa ya nne anahangaika na mlango wa watu, analia ufunguo hauingii. Nyie mnakaa ya pili. Nifanyeje, nicheke?"

Zelda alijua ni kweli. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane asiye na mtoto, na siku nzima alikuwa kwenye karakana ya makoti akishona matundu ya vifungo, huku nyuma Mama akibaki peke yake na jiko la gesi. Kila jioni alipanda ngazi roho juu, na roho haikushuka mpaka asikie Mama anamgombeza kwa kuchelewa. Hata hivyo, kumpeleka mtu kama Frume, mama yake, mahali ambapo wengine ndio wanampikia, Zelda aliona ni sawa na kumvua nguo. Kwa hiyo alikubali mtihani, kwa sababu aliamini Mama ataupita.

Na kwa nini asiupite? Mtaa mzima wa Williamsburg ulijua latke za Frume. Wanawake wenye majiko mapya kuliko lake walikuwa wakimtumia watoto kuuliza viazi gani amenunua mwaka huu, naye alikuwa akiwajibu uongo, kwa upole kabisa.

Siku yenyewe Zelda aliomba ruhusa kazini akarudi mapema. Akamkuta Mama amekwisha kufunga kitambaa chake cheupe kichwani, viazi vimejaa karai, naye anatafuta kisu. Zelda akakaa kwenye kiti cha dirishani, kidole cha shahada kimefungwa bendeji. Kidole chenyewe kilikuwa kizima kabisa.

"Umejikata na nini?" Frume aliuliza.

"Mkasi."

"Miaka yote unashona matundu ya vifungo, leo ndio mkasi umekuona?"

"Bahati mbaya, Mama."

"Bahati mbaya imengoja siku ya viazi. Haya, kaa hapo unitolee macho."

Zelda akakaa, akamtolea macho. Na alichokiona kilimfurahisha. Maganda yalitoka membamba kama zamani. Frume alishika bati la kukunia akalibana kifuani, akakuna viazi kwa pigo moja refu la mkono, halafu vitunguu, halafu viazi tena, ili kitunguu kizuie kiazi kisigeuke cheusi. Akavifunga kwenye kitambaa, akakamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji akayaacha bakulini yatulie, akayamwaga taratibu, na ule wanga mweupe uliobaki chini akaukwangua kwa kijiko na kuurudishia viazi. Alipofika hapo Zelda alishusha pumzi, maana huo wanga wengi huusahau, hata wasio na shida ya kusahau.

Wakati wote huo Frume alikuwa akizungumza. Alizungumza juu ya Galisia, ng'ambo, kijijini kwao, ambako mama yake alikuwa akinenepesha bata bukini wawili tangu majira ya joto kwa ajili ya Hanuka tu. Mafuta yalikuwa yakiyeyushwa kwenye chungu kikubwa, na watoto wakigombania vipande vya ngozi vilivyokauka. Baba yake alikuwa akisema akifika barabara kuu tu, anajua mlango wa kwake kwa pua. Zelda alikuwa amezisikia habari za bata hao kila mwaka tangu utotoni, na kwa hiyo hakuzisikia.

"Zelda, krimu," Frume alisema ghafla.

"Umeniagiza asubuhi, Mama. Nakumbuka."

"Kukumbuka si kuleta. Fishl anafunga duka. Toybe bila krimu chachu hali, na akila bila krimu atasema viazi vyangu vimekauka. Nenda."

Kikaango kilikuwa bado hakijatoka msumarini. Zelda alisita mlangoni, akamtazama Mama akipasua yai na kulinusa kabla ya kulitia bakulini, kama anavyofanya siku zote. Akaona hakuna haja ya wasiwasi. Akashuka ngazi.

Kwa Fishl kulikuwa na foleni mpaka nje, kila mtu amekumbuka krimu saa ile ile. Zelda alipopata yake na kurudi, giza lilikuwa linaingia, na ngazi za jengo lao zilikuwa zikinuka mafuta ya bata bukini, viazi na vitunguu toka chini hadi juu, kwa kuwa kila mlango ulikuwa unakaanga. Kwenye ghorofa ya pili aliwakuta Anshel na Toybe wanapangusa viatu.

"Umetoka wapi, dada?" Anshel aliuliza, na macho yake yaliuliza zaidi.

"Dukani. Yeye yuko ndani anakaanga. Mwenyewe."

Wakaingia wote pamoja. Latke zilikuwa tayari, zimefunikwa ndani ya oveni, na Frume amekwisha kubadili aproni. Zelda akamimina krimu kwenye bakuli la kauri lenye maua, akaliweka katikati ya meza, kando ya rojo la matufaha, akapanga sahani za upande wa maziwa. Hakupata nafasi ya kutazama kitu kingine, kwa sababu Anshel alikuwa tayari amesimama dirishani na kibiriti mkononi.

Akasoma baraka, akawasha mishumaa mitano kwa ule wa sita, wa kuwashia wenzake. Wakaimba, Anshel akipotea kwenye sauti ya juu kama kawaida yake. Kisha Frume akaketi, akakunja mikono mapajani, na Zelda na Toybe wakaketi naye.

Mishumaa ya Hanuka ikiwaka, mwanamke hafanyi kazi. Nusu saa hashiki sindano, hashiki ufagio, hashiki mwiko. Wengi pale mtaani walikuwa wamelegeza, wakasema kupika na kupakua si kazi ya kuhesabiwa. Frume hakulegeza. Alisema wanaume wamejaliwa vipindi vingi vya kukaa, wanawake wamepewa hiki kimoja, na yeye hatakigawa.

Basi wakakaa.

"Mama," Toybe alianza, kwa sauti kubwa na ya polepole, "unajisikiaje siku hizi?"

"Najisikia vizuri, mkwe wangu. Na wewe nakusikia vizuri. Punguza."

Anshel akakohoa. "Leo ni mshumaa wa ngapi vile, Mama?"

"Si umewasha wewe? Hesabu."

"Na Sabato ni lini?"

"Siku ya pili yake Ijumaa. Hawajaibadilisha." Frume akamgeukia binti yake. "Huyu leo ana nini? Ananihoji kama askari wa bandarini."

Zelda akacheka kidogo. Moyoni alisema: anapita, Mama anapita. Na kwa kuwa hakuwa na kazi ya kufanya, wala ruhusa ya kuitafuta, macho yake yakaanza kutembea. Kutoka mezani jiko lote lilionekana. Kushoto upande wa maziwa, kabati lake, sinki lake, vyombo vyake vimefungwa uzi wa buluu kwenye mipini. Kulia upande wa nyama, uzi mwekundu. Kwa sheria ya dini yao, nyama na maziwa havikuwahi kukutana katika nyumba ile, si kwenye sufuria, si kwenye sahani, si tumboni mwa mtu. Frume alipofanyiwa upasuaji alikaa hospitalini na njaa siku mbili, akisema hajui kisu cha wale watu kilikata nini kabla ya mkate wake.

Kikaango cha uzi wa buluu kilikuwa kinaning'inia msumarini, kikavu, kama kilivyokuwa mchana. Cha uzi mwekundu kilikuwa kwenye sinki la kulia, kimelowekwa. Kando yake ilikuwa chupa pana ya mafuta ya bata bukini, yale ya kupikia Sabato, ambayo ni ya upande wa nyama, wazi, imebaki robo.

Zelda aliitazama ile chupa akitamani macho yake yawe yanamdanganya. Kumbe ile harufu haikuwa ya majirani. Akatazama oveni: chini ya kitambaa ulichungulia ukingo wa sinia la bati, la nyama. Kwenye ndoano ulining'inia mwiko wenye uzi mwekundu, unang'aa mafuta. Mikono ya Mama haikukosea hata chombo kimoja, vyote vilikuwa vya upande mmoja, chakula safi, halali kuliwa na kila mtu. Ilichosahau ni kwamba katikati ya meza kuna bakuli la krimu, na kwamba yeye Frume ndiye aliyeiagiza, mara mbili.

Zelda akapiga hesabu. Akisema, Mama ameanguka mtihani, tena mbele ya Toybe, na baada ya sikukuu atafungasha. Asiposema, mishumaa itaisha, Mama atapakua kwa furaha, atachota krimu, atakula nyama na maziwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na atawalisha watoto wake. Kati ya hayo mawili Zelda hakuona la kuchagua. Akaona lazima krimu itoweke.

Kwa hiyo akainuka, akalichukua lile bakuli kwa mikono miwili kana kwamba anataka kulisogeza, akaliachia.

Lilipasuka vizuri sana. Krimu iliruka mpaka kwenye soksi za Anshel.

"Zelda," Frume alisema bila kupandisha sauti, "mishumaa. Kaa."

"Samahani, Mama. Kidole hiki."

"Kaa. Na wewe Toybe, usiinuke. Anshel, ufagio uko nyuma ya mlango."

"Mimi?"

"Kuna mwanamume mwingine humu?"

Anshel, mwenye duka la taa na vijana watatu chini yake, akachukua ufagio. Ilionekana wazi kwamba yeye na ufagio hawajawahi kutambulishwa. Alisukuma krimu huku, vigae vya bakuli vikakimbilia kule, na wanawake watatu wakakaa wakimtazama mikono mapajani.

"Si hivyo, unaeneza," Frume alisema. "Vuta kuja kwako."

"Nafagia, Mama."

"Unapaka chokaa. Chukua kitambaa kwanza. Si hicho, hicho cha vyombo. Kile."

Toybe aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza. Hata Zelda angecheka, laiti moyo ungemtulia. Alijiambia kwamba limepita, watakula na matufaha tu, kesho ataficha chupa, na hakuna atakayejua. Ndipo Toybe akajifuta machozi ya kicheko, akainama kwenye mfuko wake.

"Wala msisikitike," alisema. "Nimebeba nyingine. Nilijua kwa Fishl leo itakwisha." Akatoa mkebe wa krimu, mkubwa kuliko ule wa kwanza, akauweka mezani. "Wifi, usijali, ajali hutokea."

Zelda akautazama ule mkebe. Huwezi kudondosha mbili.

"Irudishe mfukoni, wifi," alisema.

"Kwa nini?"

"Latke zimekaangwa kwa mafuta ya bata."

Toybe akauondoa mkono wake kwenye mkebe kama mtu aliyeugusa moto. Anshel akasimama wima na kitambaa kinachochuruzika.

"Nani amekaanga kwa bata, na krimu iko mezani?"

"Mimi," Zelda alisema. "Mama alichoka, nikamsaidia. Nilikuwa na haraka, nikachukua kikaango kisicho."

Aliyasema haraka, na alipomaliza ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Anshel naye aliliona. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote, ilikuwa na uchovu.

"Kwa hiyo hakumaliza mwenyewe," alisema. "Tulikubaliana, dada. Ama anaweza ama hawezi."

"Kumaliza nini?" Frume aliuliza.

Anshel akakikamua kile kitambaa.

"Anshel. Nani alikubaliana na nani, na kumaliza nini?"

Labda angekuwa dukani kwake, nyuma ya kaunta, angepata la kumzuga. Lakini alikuwa jikoni kwa mama yake, magoti yamelowa krimu, naye hakuwahi kumdanganya akiwa katika hali kama ile. Akamwambia yote. Chumba, bustani, ghorofa ya nne, simu, viazi. Kila neno lilivyotoka, Zelda alizidi kuinamisha kichwa. Toybe alikuwa akiichezea pete yake.

Frume alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono.

"Fungua kidole," alimwambia Zelda.

Zelda akaifungua bendeji.

"Kizima."

"Kizima, Mama."

"Mchana umenidanganya mimi, jioni umemdanganya ndugu yako. Na yote mawili hukuyaweza." Akamshika kile kidole, hakukiachia. "Zelda hajagusa hata ganda. Nimekaanga mimi."

"Mama, si lazima..." Anshel alianza.

"Nyamaza kidogo nikumbuke." Frume alifumba macho. "Nilikuwa namfikiria mama yangu. Nilimwona kabisa, na wale bata wake. Nikachukua kikaango, nikafungua chupa, nikawa nakaanga, nikawa na furaha, sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivyo lini. Hiyo krimu haikuwa kichwani mwangu. Hata ulipoiweka hapa mbele yangu, Zelda, nilidhani umejiamulia mwenyewe, nikasema moyoni, huyu vipi. Kuiagiza sikumbuki. Hata sasa sikumbuki."

Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi, naye hakuyaficha.

"Ningewalisha," alisema. "Ningewapakulia kwa mkono wangu, niwaambie kuleni. Hilo la New Jersey si kitu. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Zelda alilia. Anshel aliweka kile kitambaa kwenye sinki lolote lililokuwa karibu, akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake.

"Ndiyo maana nasema, Mama. Kule wana wapishi, wana msimamizi wa kosheri, wa kuchunga chakula kiwe halali, anazunguka siku nzima. Hutakuwa na haja ya kukumbuka chochote."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utapumzika."

"Nimepumzika nusu saa hii. Umeona ilivyonisaidia."

Mishumaa ilikuwa imefika chini, miwili imeshazimika. Frume akangoja mpaka yote ikazimika, akajisukuma kwa viganja akasimama. Alikwenda upande wa kulia wa jikoni, akafungua kabati la chini, akafungua la juu. Akawa anatazama: sufuria za nyama, visu, sahani zenye ukingo wa kahawia, sufuria kubwa ya Sabato aliyopewa alipoolewa.

"Zelda, kesho utavitoa hivi. Vyote. Binti wa Fishl anaolewa, mpelekee."

"Mama, hivyo ni vya nyama."

"Najua ni vya nini. Navitoa leo kwa sababu bado najua." Akafunga kabati. "Nyumba hii itakula maziwa. Nikichukua kikaango chochote, kitakuwa ndicho. Nikitembea na mawazo yangu mpaka Galisia na kurudi, nitawakuta mko salama."

Kwa mtu wa nje lingeonekana jambo dogo, vyombo vya bati na kauri. Lakini Frume alikuwa amechemsha kuku kila Ijumaa tangu awe mke wa mtu, Ijumaa za dhiki alichemsha shingo na miguu, na mchuzi ule ndio Sabato yenyewe. Zelda alimtazama akaona kwamba amejikata kiungo, mwenyewe, bila kuombwa, na anajitahidi uso usionyeshe.

"Na kuku wa Sabato?" Anshel aliuliza. "Na mchuzi?"

"Nimekula kuku wa kutosha."

"Hujala wa kutosha, Mama."

"Hapana," Frume alikiri. "Sijala."

"Na gesi je? Leo ni kikaango. Siku utakaposahau gesi?"

"Siku hiyo njoo unichukue. Nitavaa koti mwenyewe, hutanivuta. Lakini leo sijasahau gesi, Anshel. Nimesahau kikaango. Usinihukumu leo kwa kosa la kesho."

Anshel akageuka kumtafuta mkewe, kama afanyavyo akikwama na mteja. Toybe alikuwa ameshaurudisha mkebe mfukoni na anakunja ncha ya kitambaa cha meza.

"Mchuzi nitaleta mimi," alisema, na safari hii kwa sauti yake ya kawaida. "Ijumaa mchana. Kwa sufuria yangu, na sahani zangu, na kitambaa changu cha meza, na nitaondoka navyo vyote. Havitagusa kitu humu."

Zelda alimtazama wifi yake kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mlangoni.

"Toybe," Anshel alisema, "wewe ndiwe uliyenionyesha ile nyumba. Mama yako alikuwa kule kule. Ulisema pazuri."

"Pazuri. Chumba kizuri, bustani nzuri, mashuka meupe. Kila nilipokwenda alikuwa ananiuliza jikoni kuko upande gani. Mpaka siku ya mwisho."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniuliza chumba kina dirisha."

Anshel alikaa akisugua doa la krimu kwenye soksi yake, na doa lilizidi kupanuka. Mtu anayemjua angeona kwamba amefanya uamuzi na sasa anatafuta namna ya kuusema bila kuonekana ameshindwa.

"Haya," alisema hatimaye. "Kesho nitawapigia, wakigawe hicho chumba. Lakini nasema kwa sasa, Mama. Kwa sasa. Na dada ataniambia ukweli kila nikiuliza, hakuna bendeji."

"Hakuna bendeji," Zelda alisema.

"Basi toa hizo sahani za maziwa," Frume alimwambia, "lete za nyama. Kama ni mara ya mwisho, zitumike."

Zelda akabadili sahani. Frume alitoa sinia ovenini mwenyewe, akalifunua. Latke zilikuwa za rangi ya dhahabu iliyokolea, kingo zimekakamaa, na harufu ya bata bukini iliwafanya wote wanne wasogeze viti. Kila mmoja akapata zake na matufaha pembeni. Toybe alikula ya kwanza akiwa amefumba macho.

Anshel alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena. Zelda alimwona. Alimjua ndugu yake tangu mtoto, na uso ule ulikuwa uso wa kugundua kitu.

"Mama," Anshel alisema. "Hazina chumvi."

Zelda akaonja yake. Hazikuwa na chumvi hata chembe. Alikuwa amekaa pale dirishani mchana kutwa, macho yamemtoka, na hakuona kwamba chumvi haikutiwa. Mkono wenye uma ukabaki hewani. Toybe alimtazama mumewe, na kwa muda hakuna aliyejua Anshel atasema nini.

Frume alitafuna taratibu, kwa makini, kama anayesikiliza.

"Kweli," alisema. "Nimesahau na chumvi." Akatua uma. "Iko karibu yako, mwanangu."

Anshel akakichukua kikopo cha chumvi. Alinyoosha mkono ampitishie juu ya meza, akaghairi, akainuka, akazunguka nyuma ya kiti cha mama yake, akainama, akaanza kumnyunyizia, kidogo, kisha kidogo tena.

"Inatosha?"

"Ongeza," Frume alisema, naye akaongeza.